Mahindi ya jeni: Faida na hatari kwa mkulima wa mpakani Kegonga

MKULIMA wa Kegonga, Kuria Mashariki, akilipasua bua la hindi lililodumaa, mara nyingi humkuta mwizi wake ndani: kiwavi wa bua. Mdudu huyo ndiye mahindi ya Bt yalibuniwa kumkabili.

Siri ya mahindi hayo ni jeni iliyotolewa kwa bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus thuringiensis. Jeni hiyo huufanya mmea utengeneze protini inayotoboa utumbo wa kiwavi, lakini haishiki katika utumbo wa binadamu. Mkulima hupunguza gharama ya dawa. Aidha, hindi lisilotobolewa halivamiwi upesi na ukungu uletao sumukuvu, jambo ambalo wapinzani wa teknolojia hii hulitaja kwa nadra.

Hofu nyingi zimehusu afya ya mlaji. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba vyakula vya aina hii vilivyopitishwa kuuzwa havielekei kuleta madhara. Hatari iliyokwisha kuonekana iko shambani. Nchini Afrika Kusini, kufikia 2007 kiwavi wa bua aliyezoea sumu ya Bt alikuwa ameripotiwa. Ili kuchelewesha usugu huo, mkulima hutakiwa kutenga sehemu ya shamba kwa mahindi ya kawaida, viwavi wasio sugu wasalie na kuzaana na walio sugu. Mwenye mamia ya ekari hulimudu sharti hilo. Mwenye ekari moja huambiwa, kwa hakika, awagawie wadudu chakula cha wanawe.

Sheria nayo imeyumba. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku uagizaji wa vyakula hivyo, na Oktoba 2022 likaiondoa marufuku hiyo na kuruhusu kilimo. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha yote mawili hadi rufaa isikizwe.

Kwa Kegonga, suala hili lina pande mbili za mpaka. Wakuria wanaishi Kenya na wilayani Tarime, Tanzania, ambako serikali iliamuru majaribio ya mimea hii yasitishwe Novemba 2018. Chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo hadi shamba la jirani, na mbegu iliyohifadhiwa ghalani hugawiwa shemeji wa ng'ambo bila stakabadhi. Mmea unaoruhusiwa upande mmoja unaweza kuota upande wa pili, na aliyeupanda asijue alichopewa.