App Yako Itajuaje Kwamba Mteja Amelipa?

Mvua za Machi zikianza, maduka ya mbegu na mbolea Kitale hujaa watu. Mkulima analipa kwa simu, anaonyesha meseji, anabeba magunia yake na kuondoka. Ukichoka kuandika kila kitu kwenye daftari, unatafuta fundi akutengenezee app ya mauzo. Kabla ya kuuliza bei, muulize hivi: app itatoa wapi habari za malipo? Kuna njia tatu.

1. Kusoma meseji za simu

App inakaa kwenye simu ya duka na kusoma meseji za malipo zikiingia. Ni rahisi na huhitaji kujisajili popote. Lakini simu ikiisha chaji au ikiibwa, hesabu zinasimama. Kuna pia matapeli wanaotuma meseji feki inayofanana na ya malipo. App isiyokagua vizuri itaandika "amelipa", na magunia yameshaenda. Tena app hiyo inaweza kuona meseji zako zote, hata zile za benki. Ndiyo maana tangu 2019 Google inazuia app nyingi za Play Store kusoma meseji.

2. Kupakua statement

Jioni unapakua statement na kuiingiza kwenye programu. Hesabu hizi zinatoka kwa kampuni ya malipo yenyewe, kwa hivyo unaweza kuziamini. Shida ni kwamba zinakuja ukiwa umeshauza. Zitakusaidia kufunga hesabu, lakini hazitakuambia kama mteja aliye mbele yako amelipa.

3. Kuunganishwa moja kwa moja (API)

Hapa mfumo wa malipo unaongea na mfumo wako bila kupitia simu ya mtu. Safaricom, kwa mfano, ilifungua Daraja mwaka 2017. Mteja akilipa kwa Paybill au Till, seva yako inapokea kiasi, kodi ya muamala na saa. Duka la Kitale na tawi la Bungoma mnaona hesabu moja, hata simu zenu zikiwa zimezima.

Si bure lakini. Utalipia seva, na utahitaji fundi anayeielewa kazi hiyo. Seva ikiwa chini wakati taarifa inatumwa, taarifa inaweza kupotea. Kwa hivyo app lazima iweze kurudi kuuliza hali ya muamala kwa kutumia kodi yake.

Uchague ipi?

Kibanda au chama kidogo, statement inatosha. Ukiwa na wahudumu kadhaa, matawi, au bidhaa za bei kubwa zinazotoka papo hapo, nenda na API. Kusoma meseji kusiwe ndiyo njia yako pekee ya kuthibitisha malipo.

Kabla ya kumlipa fundi

- Akaunti ya API isajiliwe kwa jina la biashara yako. Mkikosana na fundi, ubaki na mfumo wako.
- Usimpe mtu yeyote PIN yako. Fundi haihitaji kujenga app.
- Muulize majina na nambari za wateja zitahifadhiwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakubana wewe mwenye biashara pia.
- Jaribuni pamoja: zimeni intaneti, mtu alipe, kisha muiwashe. Malipo yasipoonekana, kazi bado haijaisha.