Bao lauzwa bila sheria zake

Pale Soko la Wamasai mjini Arusha, bao linauzwa kama kinyago. Mgeni anayesubiri safari ya Serengeti hutazama nakshi, huuliza kama mti ni mpingo kweli, kisha hulipima uzito mkononi. Ana sababu: ndege nyingi ndogo za mbugani huruhusu kilo 15 tu za mizigo. Ndiyo maana mabao mengi ya watalii ni ya safu mbili, yenye bawaba katikati, kete zikifungiwa ndani. Namna ya kucheza huelezwa juu juu wakati chenji inatafutwa. Mchongaji amelipwa jasho lake mara moja, basi.

Mmarekani William Julius Champion aliiona biashara hii kwa jicho jingine. Mwaka 1940 alibuni Kalah, mchezo wa ukoo huohuo, wa mashimo sita kila upande, na mwaka 1958 akaanzisha Kalah Game Company. Mashimo na kete havikuwa vyake. Alichouza ni jina na sheria nyepesi.

Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika, alifika mbali zaidi. Mchezo wa vipande vya mbao ambao familia yake iliucheza Ghana aliuzindua London mwaka 1983 kwa jina la Jenga: vipande 54, ghorofa 18. Baadaye ukaingia mikononi mwa kampuni ya michezo ya Hasbro, ukauzwa kwa makumi ya mamilioni. Mbao zile fundi yeyote wa Arusha angezikata kabla ya adhuhuri. Jina hawezi kulitumia.

Bao ni la kale mno kumilikiwa na mtu, lakini toleo lake lina mwenyewe. Alama ya biashara ikisajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania, hulindwa miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Kijitabu cha sheria nacho kina hakimiliki. Kazi ngumu, kwa maoni yangu, ni kukiandika: bao la Kiswahili, lenye mashimo 32, kete 64, na istilahi zake za kunamua, mtaji na nyumba, halienei kwenye ukurasa mmoja. Mchapishaji wa Arusha angeanza na lile la safu mbili, ambalo tayari linaingia kwenye begi la mgeni.