Kiraka kwenye mkono wa kushoto

Banda la mpira la Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, huanza kujaa saa kumi, ingawa mechi yenyewe ni ya saa kumi na mbili jioni. Kuta ni za mabati, mabenchi ni mbao zilizopigiliwa juu ya magogo, na kiingilio ni shilingi elfu moja unazomkabidhi kijana wa mlangoni. Nje pana ubao wa chaki wenye ratiba ya siku. Jenereta ikikohoa, kila mtu huigeukia kwa wasiwasi kama ndugu wa mgonjwa.

Jumamosi niliyokaa humo, kijana wa benchi la mbele yangu alivaa jezi ya Arsenal, ile nyekundu yenye mikono myeupe. Mkono wa kushoto ulikuwa na kiraka: kitambaa cheupe cha pembe nne, kimepigwa cherehani pande zote, cheupe kuliko jezi yenyewe iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Jezi haikuwa imechanika. Mwanga ulipopenya kwenye tundu la bati, herufi zilijitokeza chini ya kitambaa: V, I, S. Maneno yaliyofunikwa yalikuwa Visit Rwanda, yaani Tembelea Rwanda. Kijana huyo kwao ni Rutshuru, Kivu Kaskazini.

Nilikuwa nimekwenda kuuliza jambo jingine. Nilitaka kujua mashabiki wa huku wanasemaje kuhusu matajiri wa nje wanaonunua klabu za Ulaya: Warusi, Wamarekani, Waarabu wa Ghuba. Nilikuwa na orodha ya maswali. Kiraka kile kilinifanya niirudishe mfukoni.

Arsenal ilitia saini mkataba na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda Mei 2018. Vyombo vya habari viliandika kwamba thamani yake ni pauni milioni 10 hivi kwa mwaka. Paris Saint-Germain, inayomilikiwa na Waqatar tangu 2011, ikafuata Desemba 2019, na Bayern Munich ikaja 2023. Rwanda haikununua klabu hata moja. Ilinunua nafasi ya kusomwa, na kwa mtu wa Nakivale nafasi hiyo ndogo ya begani ina uzito mkubwa kuliko hisa zote za Stan Kroenke, Mmarekani aliyechukua sehemu kubwa ya Arsenal 2011 na kuimaliza yote 2018. Kroenke hajawahi kumfukuza mtu wa Rutshuru nyumbani kwake.

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao. Leo yana zaidi ya watu laki moja: Wakongo ndio wengi, wakifuatwa na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowaketisha kwenye benchi moja. Kundi la waasi wa Kongo la M23 lilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, habari zilifika bandani kupitia simu kabla hazijafika redioni. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara kadhaa kwamba jeshi la Rwanda linaliunga mkono kundi hilo, Kigali inakanusha. Mwezi huohuo wa Februari, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia barua Arsenal, PSG na Bayern akizitaka zivunje mikataba yao. Huko London, baadhi ya mashabiki wa Arsenal walianza kampeni ya kejeli wakisema afadhali watembelee Tottenham. Kwa aijuaye chuki ya timu hizo mbili, hayo ni matusi ya nguoni.

Sasa fikiria banda lenye Mkongo wa Masisi, Kivu Kaskazini, na Mnyarwanda aliyezaliwa hapahapa wilayani Isingiro, wote wawili Arsenal damu. Bukayo Saka akifunga, wanakumbatiana. Picha za marudio zinaonyesha mkono wa kushoto kwa karibu, skrini nzima, na mmoja wao anatazama pembeni. Mzee mmoja Mkongo, ambaye vijana wote wanamwita Papa, aliniambia kwamba wamekubaliana mambo ya Kivu yaishie mlangoni pamoja na viatu vya matope. Nikatazama chini. Viatu vya matope vilikuwa ndani.

Kuna jambo ambalo wazee wa Nakivale hulitaja kwa sauti ya chini, na wanalitaja bila hasira. Aliyeipeleka Rwanda kwenye jezi ya Arsenal, Rais Paul Kagame, alitoroshwa kwao akiwa mtoto mdogo na kukulia katika makambi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda. Naye ni shabiki wa Arsenal asiyejificha. Timu ilipofungwa 2–0 na Brentford Agosti 2021, alilalamika mtandaoni hadharani kama mshabiki yeyote wa benchi la nyuma. Mtoto wa mkimbizi wa Kinyarwanda na kijana wa Rutshuru wamependa timu moja. Mmoja alikuja kupata hazina ya nchi, mwingine ana shilingi mia tano za kumlipa fundi cherehani.

Hapo ndipo nilipoanza kuyaelewa majibu ya maswali yangu ya mwanzo. Kuhusu Mrusi Roman Abramovich, mashabiki wa Chelsea wa Nakivale na wale wa mji wa Mbarara wana kauli moja: alikuwa mtu mzuri. Alinunua klabu Julai 2003, akaleta Drogba, akaleta Essien, na “wanangu wakajifunza hesabu kwa kuhesabu makombe,” kama alivyosema dereva wa boda aliyenibeba. Machi 2022 serikali ya Uingereza ilipomwekea vikwazo kwa sababu ya vita vya Ukraine, klabu ilizuiwa hata kuuza tiketi mpya. Kwenye mabanda hakuna kilichobadilika. Tiketi ya Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, haikuwahi kuuzwa hapa, na elfu moja ya mlangoni ilibaki elfu moja. Mei mwaka huo kundi la Todd Boehly na Clearlake likainunua klabu kwa pauni bilioni 2.5, na lawama zikaanza, kwa kuwa wachezaji walinunuliwa kama mahindi ya gunia na timu ikashuka hadi nafasi ya 12.

Wa Manchester United wana uchungu wa aina nyingine. Wanajua, tena kwa undani kuliko nilivyotarajia, kwamba familia ya Glazer iliinunua klabu 2005 kwa fedha za kukopa, kisha deni lenyewe likatwishwa klabu. Mama mmoja muuza chapati karibu na stendi ya Mbarara alilieleza vizuri kuliko wachambuzi wengi wa redio: mtu anakuja kununua ng'ombe wako, anakulipa kwa mkopo, halafu mkopo unalipwa kwa maziwa ya ng'ombe yuleyule. Katika nchi ya Ankole, mfano wa ng'ombe hauhitaji tafsiri.

Manchester City ni mali ya Sheikh Mansour wa Abu Dhabi tangu Septemba 2008. Mashtaka zaidi ya 100 yaliyofunguliwa na Ligi Kuu ya Uingereza Februari 2023 hutajwa bandani pale tu City inapofunga.

Newcastle ilinunuliwa Oktoba 2021 kwa pauni milioni 305, asilimia 80 ikienda kwa mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia. Machi 2025 ikatwaa Kombe la Ligi, kombe lake la kwanza la ndani tangu 1955. Siku hizi ina mashabiki wapya wa Kikongo, nao hawakuvutwa na Wasaudi. Septemba 2025 ilimsajili Yoane Wissa, mshambuliaji wa timu ya taifa ya Kongo, Leopards. Niliwauliza baadhi yao kuhusu haki za binadamu za Riyadh, jambo linalopigiwa kelele Uingereza. Wakaniuliza mimi kuhusu haki za binadamu za Walikale, kwao Kivu Kaskazini.

Imezoeleka kuandikwa kwamba shabiki wa Afrika hajali nani mwenye klabu, bora makombe yaje. Mimi siafiki. Anajali sana, ila hana mahali pa kujalia. Shabiki wa Manchester aliyewachukia akina Glazer 2005 alitoka na wenzake wakaanzisha klabu yao, FC United. Aprili 2021, klabu sita za Uingereza zilipotaka kukimbilia Super League ya Ulaya, mashabiki wa Chelsea walilizuia basi la timu yao barabarani, na siku mbili hazikuisha mpango ukasambaratika. Wa Nakivale atalizuia basi gani? Hata furaha ina mipaka yake: Januari 2023, Arsenal ilipoifunga Manchester United 3–2, mashabiki waliotembea barabarani Jinja kushangilia walikamatwa na polisi kwa kuandamana bila kibali. Silaha iliyobaki ni sindano na uzi.

Kesho yake, baada ya Jumamosi ile ya bandani, nilishuka Mbarara. Kwenye vibanda vya mivumba, yaani mitumba, jezi huning'inizwa kwa klabu, si kwa saizi, na nyekundu ndiyo nyingi. Wauzaji wanazijua zinavyokwenda. Yenye jina la mchezaji aliyehama hushushwa bei. Yenye maneno ya Rwanda huuzwa vizuri tu mjini, lakini anayechukua kadhaa za kwenda kuuza Nakivale huzipindua kwanza mkono wa kushoto, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua mayai.

Jioni nilipita uwanja wa Kakyeka. Mbarara City, timu ya mji, huchezea hapa, na Uganda haikosi matajiri wa mpira: Vipers ya Kitende isingekuwa ilivyo bila Lawrence Mulindwa, aliyeijengea hadi uwanja. Wakongo nao watakuambia habari za Moïse Katumbi na TP Mazembe, iliyofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu 2010 na kufungwa na Inter 3–0. Tajiri wa nyumbani anaweza kulaumiwa uso kwa uso. Watanzania wamejaribu hata kumwekea kamba: tajiri Mohammed Dewji alipoingia klabu ya Simba kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania, serikali ilisisitiza wanachama wabaki na asilimia 51 na yeye apate 49, karibu sawa na Wajerumani ambao tangu 1998 wanataka wanachama wa klabu wawe na kura nyingi. Bayern ni klabu ya wanachama ya namna hiyo, na bado ilisaini na Kigali. Mabango ya kupinga yalipoinuliwa na mashabiki wake, Agosti 2025 mkataba ukageuzwa kuwa wa kukuza vipaji vya watoto.

Swali lililoleta ugomvi wa kweli bandani halikuwa la Rwanda wala la Waarabu. Kati ya Juni na Julai 2025, serikali ya Kongo nayo iliingia sokoni. Ilisaini na Monaco, ikasaini na AC Milan, kisha Barcelona, ambako vyombo vya habari viliandika zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne. Wengine walifurahi: na sisi tuonekane, tumechoka kujulikana kwa vita. Wengine walikuwa wakali. Mwaka huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisitisha mgao wa wakimbizi milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Mtu ambaye jina lake limeondolewa kwenye orodha ya chakula anasoma jina la nchi yake mgongoni mwa jezi ya mazoezi ya Barcelona. Papa, aliyekuwa amenyamaza muda wote, alitaka kujua kitu kimoja tu: hao watalii wanaoalikwa, watapita barabara gani? Banda zima likacheka, kisha likanyamaza.

Naandika haya nikiwa na upande wangu, na sitaki kuuficha. Naona aibu ya Kinshasa kuwa sawa na ile ya Kigali, na tofauti ni kwamba moja ilitangulia. Anayetoa fedha za umma kupamba bega la milionea wa miaka 23, wakati watu wake wanalala chini ya turubai, asitetewe kwa sababu tu ni wa kwetu.

Novemba 2025 Arsenal na Rwanda walitangaza kwamba mkataba wao utakoma Juni 2026. Jezi za msimu unaofuata hazitakuwa na maneno yale. Lakini jezi mpya haziji Nakivale. Zinazokuja ni zilizokwisha kuvaliwa na kutupwa Ulaya, na robota huchukua miaka miwili mitatu kufika Mbarara. Herufi zitaendelea kushuka kutoka kwenye malori kwa muda, na fundi cherehani wa Base Camp ameshanunua jora jingine la kitambaa cheupe.