Wekundu wa Udongo Unapimika

Ukipanda kutoka ufukwe wa Kunduchi kuelekea Salasala, mchanga mweupe hubaki nyuma na udongo mwekundu huanza kuganda kwenye soli za viatu na kurukia kuta za nyumba mvua inaponyesha. Watu husema udongo huo una chuma, na ni kweli, lakini chuma hicho hakikai katika umbo moja. Kikiwa hematiti, udongo huwa mwekundu. Kikiwa gothiti, yenye haidrojeni ndani yake, huwa wa manjano au kahawia. Kwa mkulima wa mchicha hilo si jambo la urembo. Chembe za madini haya zikiwa ndogo sana hunasa fosforasi ya mbolea, na mzizi ukaikosa hata pale mwenye bustani alipotoa fedha yake yote.

Njia iliyozoeleka maabarani ya kuyapima madini haya ni kuyayeyusha kwa kemikali na kuhesabu chuma kilichotoka. Jumla inapatikana, ila huwezi kujua kipi kilikuwa hematiti na kipi gothiti. Eksirei huweza kuyatenganisha, lakini yakiwa kidogo sana huyapoteza. Mwanga unafanya vizuri hapo, tena bila kemikali. Udongo hukaushwa, husagwa, huchekechwa kwa chekeche la milimita 2, kisha kiasi kidogo huwekwa kwenye kisahani chini ya taa, na chombo husoma ni mwanga kiasi gani umerudi katika kila rangi na kuuonyesha kwa mchoro. Gothiti huanza kuurudisha mapema, tangu kwenye kijani. Hematiti huuzuia hadi karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 570, ndipo mchoro unapanda ghafla. Mbele zaidi, kwenye mwanga usioonekana kwa macho, hematiti huchimba bonde karibu na nanomita 870 na gothiti karibu na 920. Hesabu ya kugeuza mwanga huo kuwa kiasi ilitolewa na Kubelka na Munk mwaka 1931, wakiwa katika kazi ya rangi za kupaka.

Wapo watakaosema rangi hudanganya, na wana hoja. Hematiti kidogo hufunika gothiti nyingi, mboji hutia weusi, na udongo uliolowa huonekana mweusi kuliko ulivyo. Lakini hayo yote huliponza jicho kwanza. Kwenye mchoro, gothiti iliyofunikwa bado huacha alama yake, na unyevu huondolewa kwa kukausha. Mboji ndiyo ngumu kweli, na hapo mwanga hauwezi kusimama peke yake: ni lazima baadhi ya sampuli zipimwe pia kwa kemikali ili chombo kifundishwe. Shepherd na Walsh, wa kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF kilichoko Nairobi, walionyesha hivyo mwaka 2002 kwa zaidi ya sampuli 1,000 za udongo wa mashariki na kusini mwa Afrika. Kipimo kilichofundishwa kwa udongo wa nyanda za juu, hata hivyo, hakiwezi kuaminiwa papo hapo juu ya mchanga wa pwani. Kunduchi inahitaji sampuli zake, kuanzia ufukweni hadi mlimani, zipite kwanza kwenye kemikali na kisha chini ya taa.