Usimamizi wa Vihatarishi katika Ujenzi wa Miteremkoni: Mfano wa Wilaya ya Same na Milima ya Upare

Mjadala wa usalama katika sekta ya ujenzi nchini Tanzania umeegemea zaidi majengo marefu ya mijini, hususani baada ya ghorofa kuanguka katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, mwezi Machi 2013 na kuua watu 36, na jengo jingine kuporomoka Kariakoo mwezi Novemba 2024. Mjadala huo ni wa lazima, lakini unaacha pembeni ujenzi wa madarasa, zahanati, matangi ya maji na barabara za vijijini. Makala haya yanaeleza, kwa kutumia mfano wa Wilaya ya Same, kwamba katika maeneo ya milimani kihatarishi kikuu ni mteremko wenyewe, na kwamba suala gumu zaidi la usimamizi ni kumbainisha anayewajibika pale ambapo wajenzi ni wanakijiji wenyewe.

Mji wa Same upo chini ya milima, kando ya barabara kuu iendayo Arusha, katika ukanda wenye mvua haba. Juu yake safu ya Upare Kusini hupanda hadi kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462. Katika vijiji vya milimani, kiwanja cha tambarare mara nyingi hupatikana kwa kuchimbwa. Mteremko hukatwa upande wa juu na udongo uliotolewa humwagwa upande wa chini. Kwa kazi hiyo moja huzaliwa vihatarishi viwili: ukingo wa udongo uliopoteza egemeo lake, na kifusi kisichoshindiliwa ambacho baadaye hubebeshwa jengo. Mvua za vuli na za masika huongeza uzito wa udongo huku zikipunguza mshikamano wake. Mwezi Novemba 2009, maporomoko ya udongo katika kijiji cha Goha, Kata ya Mamba Miamba, yaliua zaidi ya watu 20. Maafa hayo hayakutokea katika eneo la ujenzi, lakini yanadhihirisha namna miteremko ya Upare inavyoweza kubadilika wakati wa mvua kubwa.

Ni muhimu kutofautisha kihatarishi na hatari. Kihatarishi ni kitu au hali inayoweza kuleta madhara; hatari ni uwezekano wa madhara hayo kutokea pamoja na ukubwa wake. Meta moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa takriban tani moja na nusu, na zaidi ya hapo ukilowa. Mchimbaji aliyefukiwa hadi kifuani huweza kukosa pumzi ingawa kichwa kiko wazi. Kofia ngumu, ambayo kwa wengi ndiyo alama ya usalama, haina msaada wowote katika tukio hilo. Kwa sababu hiyo, vifaa kinga huwekwa mwisho katika ngazi ya udhibiti, baada ya kuondoa kihatarishi, kukipunguza kihandisi na kupanga utaratibu wa kazi.

Kisheria, msingi upo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kusajili eneo la kazi na kulinda walio ndani yake. Bodi ya Usajili wa Makandarasi huwasimamia makandarasi, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa fidia kwa anayeumia kazini. Hata hivyo, mfumo huu umejengwa juu ya uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa. Michango ya Mfuko hukokotolewa kutokana na mishahara. Asiye na mshahara hachangiwi.

Hapo ndipo msaragambo, kazi ya pamoja inayofahamika sana Upareni, unapozua swali. Kwa utaratibu huo wananchi huchimba misingi, husomba mawe na kufyeka barabara bila malipo, na halmashauri au wafadhili hukamilisha kwa fedha na mafundi. Mradi unakuwa na kamati ya ujenzi na mtunza stoo, lakini si lazima uwe na mtu aliyetajwa kusimamia usalama. Mwananchi akiumia, mzigo wa matibabu huweza kuiangukia familia yake.

Hatua zinazofaa hazihitaji gharama kubwa. Uchimbaji upangwe katika miezi ya kiangazi. Ukingo ukatwe kwa ngazi, kama wakulima wa milimani wafanyavyo katika matuta, na mtaro wa kukinga maji uchimbwe juu yake kabla ya msingi kuanza. Kifusi kirundikwe mbali na ukingo wa shimo, na kazi isimame baada ya mvua hadi ukingo ukaguliwe. Zaidi ya yote, muhtasari wa mkutano wa kijiji unaoidhinisha msaragambo utaje msimamizi wa usalama mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, pamoja na chanzo cha fedha za matibabu. Nguvu za wananchi huhesabiwa kuwa mchango katika thamani ya mradi. Usalama wao nao unastahili kuingizwa katika hesabu hiyo.