Anayejifunza kuhariri video aanze kwa kuhifadhi, si kwa kurembesha

HARUSI haifungwi mara mbili kwa ajili ya kamera. Ajuza aliyehojiwa kuhusu asili ya ukoo wake huenda asiwepo mwaka ujao, na mtoto aliyekwisha kutunukiwa zawadi jukwaani hawezi kurejeshwa ukumbini ili apigwe picha upya. Kwa sababu hiyo, kijana anayekabidhiwa video za shughuli kama hizo azihariri huwa amekabidhiwa amana.

Kunasa video kumekuwa jambo jepesi. Simu nyingi za rununu zina kamera zinazotosha kazi ya kawaida, na vijana wengi humu nchini hujipatia riziki kwa kurekodi harusi, mazishi, ibada na hafla za shule. Shida huanza wanapoketi mbele ya tarakilishi. Programu ya kuhariri hufunguka ikiwa na vidirisha kadhaa, makumi ya vitufe na menyu zisizokwisha. Aghalabu anayeanza hukimbilia madoido: maandishi yanayozunguka, picha zinazopasuka kama kioo na rangi za kumetameta. Ilhali mambo ya msingi ni machache, na la kwanza miongoni mwayo halihusu urembo hata chembe.

Programu haihifadhi picha zako

Hapo zamani mhariri wa filamu alikata ukanda wenyewe na kuunga vipande kwa gundi au utepe. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1989, kampuni ya Avid ya Marekani ilipozindua mtambo wa kuhariri kwa tarakilishi. Mwaka 1991 kampuni ya Adobe ilitoa programu ya Premiere. Leo kazi hiyo hufanywa hata kwa simu iliyo mfukoni.

Tofauti kuu kati ya wembe na tarakilishi ni kwamba programu haikati chochote. Unapopunguza klipu, faili ya asili hubaki vilevile ilivyotoka kwenye kamera. Kile kinachoitwa mradi ni orodha ya maagizo tu: chukua faili fulani kutoka mahali fulani, onyesha kuanzia sekunde ya 12 hadi ya 20, kisha ilete nyingine. Mradi ni kama karatasi ya mapishi ya pilau, ambayo ndani yake hamna mchele wala nyama.

Asiyelielewa hili hujiponza. Huingiza video moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera, akahariri siku mbili, kisha akaifuta kadi ili aende kwenye kazi nyingine. Anapoufungua mradi tena, programu humwarifu kwamba faili hazipatikani. Kama faili zimehamishwa tu, anaweza kuielekeza programu mahali zilipo. Kama zimefutwa, huenda harusi ya watu imepotea.

Basi kabla ya kuifungua programu, unda folda moja ya kazi hiyo. Ndani yake weka folda ndogo za picha, sauti, muziki na mradi. Nakili kila kilichomo kwenye kadi, kisha weka nakala ya pili kwenye diski nyingine na uihifadhi mahali tofauti, kwa maana mwizi akiingia atabeba tarakilishi pamoja na diski iliyo kando yake. Kadi isifutwe hadi uhakikishe kwamba nakala zote mbili zinafunguka. Hali kadhalika, uhifadhi mradi kila baada ya dakika chache kwa kubonyeza Ctrl na S; stima hazipigi hodi zinapopotea.

Chagua programu moja

Hakuna haja ya kununua programu ghali ili kujifunza. Shotcut na Kdenlive hutolewa bure na hutosha kwa mafunzo. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa, ila huhitaji tarakilishi yenye nguvu. Mwenye mashine ya Apple anaweza kutumia iMovie, na wengi wanaohariri kwa simu hutumia CapCut. Windows Movie Maker, iliyowafundisha wengi tangu mwaka 2000, iliondolewa na Microsoft mwaka 2017, hivyo tovuti zinazojidai kuitoa hazifai kuaminiwa. Vivyo hivyo programu za wizi, ambazo mara nyingi huja na virusi.

Programu utakayoichagua haina uzito mkubwa, maadamu utakaa nayo kwa muda. Karibu zote zina sehemu nne: ghala la klipu, kioo cha kutazamia, meza ya kupangia klipu kwa kufuata muda, na mahali pa kurekebisha rangi na sauti. Ukiizoea moja, nyingine hutakuwa mgeni kwayo.

Unapoanzisha mradi, utaulizwa ukubwa wa picha na idadi ya fremu kwa sekunde. Kanuni ni kufuata jinsi video zilivyonaswa. Kipimo cha kawaida ni pikseli 1920 kwa 1080. Video ya 4K, yenye pikseli 3840 kwa 2160, ina pikseli mara nne ya hizo, na ndiyo huifanya tarakilishi dhaifu kukwama. Dawa yake ni kuiagiza programu itengeneze nakala nyepesi za kuhariria; ukimaliza, itarejelea zile za asili.

Kuhusu fremu, umeme wa Kenya hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa humemesa mara mbili katika kila mzunguko. Simu nyingi hunasa fremu 30 kwa sekunde, na hapo mistari hafifu huweza kuonekana ikitambaa kwenye picha za ukumbini. Kama kamera yako inaruhusu, nasa fremu 25 tangu mwanzo, kwani kasoro hiyo ni ngumu kuondoa baadaye.

Kukata ni kuamua

Sasa tazama video zote, mwanzo hadi mwisho, kabla ya kukata lolote. Ni kazi ya kuchosha lakini haina njia ya mkato. Katika programu nyingi, herufi J hurudisha video nyuma, K huisimamisha na L huiendesha mbele. Herufi I huweka alama panapoanzia kipande unachokitaka, na O panapoishia. Anayezizoea herufi hizi tano hufanya kazi kwa wepesi kuliko anayehangaika na kipanya.

Panga vipande ulivyochagua kwa mfuatano, bila muziki wala madoido, kisha ujiulize swali moja kwa kila kipande: kikiondolewa, mtazamaji atakosa nini? Kama hakosi kitu, kiondoe. Video ya shughuli iliyochukua saa sita ikibanwa ndani ya dakika 40 zilizochaguliwa vyema, familia itaitazama tena na tena.

Hata hivyo, ukataji una hatari zake. Takriban karne moja iliyopita, Lev Kuleshov wa Urusi aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha tofauti, miongoni mwazo bakuli la supu na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa katika uso huo, kisha huzuni, ijapokuwa uso haukubadilika. Somo ni kwamba picha mbili zikifuatana huzaa maana ambayo hakuna hata moja iliyokuwa nayo. Ukiunga kicheko cha mgeni aliyekuwa akiongea na jirani yake na machozi ya mfiwa, umemfanya mgeni huyo aonekane mfidhuli mbele ya ukoo mzima. Ukiondoa neno "kama" katika hotuba, umemtwika msemaji ahadi ambayo hakuitoa. Programu haitakuonya.

Sauti kwanza, mapambo baadaye

Watazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini huzima video ambayo haisikiki. Tumia visikizi unapohariri. Katika vipimo vya sauti, desibeli 0 ndiyo dari. Sauti ikiigonga hukwaruza na haitengenezeki kwa urahisi. Hakikisha sehemu za juu za mazungumzo zinafika kati ya desibeli -12 na -6. Muziki uwe chini kiasi kwamba msemaji asikike bila mtu kukaza masikio. Unapokata maneno, usiache ukimya mtupu katikati. Jaza pengo kwa sauti ya kawaida ya mahali hapo, kama vile upepo au minong'ono ya ukumbi. Fauka ya hayo, sauti ikitangulia picha yake kwa sekunde moja hivi, mpito kutoka tukio moja hadi jingine huwa laini pasipo madoido yoyote.

Mapambo yaje mwisho, tena kwa kipimo. Sawazisha mwanga na rangi ili nyuso zifanane na zilivyo, andika majina kwa herufi zinazosomeka hata kwenye simu, kisha uachie hapo. Kuhusu nyimbo, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na YouTube ina mtambo unaotambua nyimbo za watu. Tumia muziki ulioruhusiwa, la sivyo video ya mteja inaweza kuzimwa sauti au kuzuiwa.

Hatimaye, toa faili moja iliyokamilika. MP4 yenye mfumo wa H.264 hufunguka karibu kila mahali. Hesabu ya ukubwa wake ni rahisi: kiwango cha megabiti 8 kwa sekunde ni sawa na megabaiti 1 kwa sekunde, yaani megabaiti 60 kwa dakika. Kwa nakala ya kutumwa kwa simu, megabiti 2 kwa sekunde hutoa megabaiti 15 tu kwa dakika, ingawa ubora hupungua. Itazame faili yote, kwenye simu na kwenye televisheni, kabla ya kumkabidhi mwenyewe.

Anayetaka kujipima leo hahitaji kungoja harusi. Arekodi klipu kumi za mtu akipika chapati jikoni, azihifadhi mahali pawili, kisha atengeneze video ya dakika moja isiyo na madoido wala muziki, iliyo na sauti ya kikaango na ya mpishi pekee. Akiimaliza, aondoe sekunde kumi nyingine. Mtu ambaye hakuwepo jikoni akiitazama na kuelewa jinsi chapati zilivyopikwa, mwanafunzi huyo ameanza kuwa mhariri.