Mstari, Kivuli na Ngozi katika Michoro ya Wino

Makala haya yanajadili namna mstari wa wino unavyojenga hisia usoni, na hasa utata unaojitokeza pale uso unaochorwa unapokuwa wa mtu mweusi. Mistari inayopangwa sambamba, au kukatana, ili kukoleza mchoro huitwa aghalabu "mistari ya kivuli". Jina hilo lina kasoro: linaitambulisha mistari kwa kazi moja tu, ilhali kazi zake ni nyingi.

Wino usiozimuliwa hauna kijivu. Kijivu hutokea machoni mwa mtazamaji kutokana na unene wa mistari na nafasi iliyoachwa baina yake. Kwa sababu hiyo mchoro wa mistari ulistawi magazetini: karatasi duni hunyonya wino, nukta za picha huvimba na kuungana, lakini mstari ulio wazi husalimika. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na Kingo wa James Gayo, ni mifano ya wahusika wa michoro ya mistari.

Ichukuliwe kuwa anachorwa mzee wa Kwamsisi, wilayani Handeni, aliyeketi uwanjani adhuhuri. Jua la utosini huacha kivuli chini ya nyusi, pua na mdomo. Mistari ikifuata mviringo wa shavu, shavu hupata nyama na uhai. Ikipitishwa wima moja kwa moja juu ya uso mzima, uso hubapa, na mzee huonekana kama yu nyuma ya chandarua. Mstari unaoshuka kutoka pembe ya mdomo huleta uchovu. Mistari michache inayotawanyika kutoka pembe ya jicho huleta kicheko. Ncha ya kalamu ya kuchovya, nayo, hupanuka inapokandamizwa, hivyo unene wa mstari hubaki kuwa ushahidi wa mkono uliotulia au uliohamaki.

Lakini ngozi ya mzee huyo ni nyeusi. Kwa desturi ya uchoraji wa Ulaya, karatasi tupu ndiyo ngozi, na mistari ndiyo kivuli. Mchoraji akijaza mistari ili kuonyesha ngozi, kivuli cha nyusi humezwa na hisia hufifia. Vibaya zaidi, uso uliokolezwa huelekea kusomwa kuwa ni wa huzuni au uovu. Akiiacha karatasi tupu, rangi ya ngozi huachiwa msomaji aikisie kutokana na umbo, nywele na mavazi.

Kizigua, lugha ya wenyeji wa Kwamsisi, kinatoa mlinganisho unaofaa. Ni lugha yenye toni, na toni ya juu haitambuliwi kwa kimo maalumu cha sauti bali kwa kulinganishwa na silabi jirani. Mzee mwenye sauti nzito na mtoto mwenye sauti nyembamba hutamka toni ile ile. Vivyo hivyo, ngozi ni kimo cha msingi, na kivuli ni tofauti juu ya kimo hicho.

Albrecht Dürer alilidhihirisha hilo mwaka 1521 huko Antwerp, alipomchora Katharina, mwanamke Mwafrika wa miaka 20. Alitumia kalamu ya fedha, si wino, lakini kanuni haibadiliki. Mistari myembamba imetanda usoni, ila msongamano wake hautoshani, na macho yaliyoinama hayakumezwa. Sehemu kubwa ya mistari ile si kivuli hata kidogo. Ni ngozi. Istilahi inayotokana na umbo, yaani "mistari sambamba" na "mistari mikatano", ingemwachia mchambuzi nafasi ya kulisema hilo.